Kifimbo cha Aliyesafisha Jina

Jumanne tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, wosia wa Kapteni Bosco Ndimbo ulisomwa sebuleni kwake, Songea. Ulikuwa na mistari sita. Wa mwisho ulisema: "Kifimbo changu apewe aliyenisafishia jina."

Waliosikiliza walikuwa watatu. Gaudensia Komba alijua kuuliza. Rajabu Chilumba alijua kusikia. Adelina, mjane wa marehemu, alijua kutunza. Tegeni masikio, maana hukumu ni yenu.

Miaka arobaini nyuma, katika vita vya mpakani, Kapteni Ndimbo alipewa daraja alilinde. Adui alipokaribia, aliuliza makao makuu kwa redio: nishike daraja au niondoke? Jibu lililomfikia lilikuwa neno moja: "Rudi." Akarudi na askari wake wote, wazima. Daraja likatekwa. Makao makuu wakasema hawakutoa amri hiyo. Kapteni akavuliwa cheo, akanyang'anywa kifimbo cha cheo hicho, na mjini akabatizwa Kapteni Mbio.

Gaudensia ameandika vitabu sita vya maisha ya majenerali na mawaziri. Ana kanuni moja: neno lisilo na mashahidi wawili haliingii kitabuni. Aliivunja mara moja tu, katika kitabu chake cha kwanza. Ukurasa wa 212 aliandika kwamba Ndimbo alikimbia, kwa kauli ya brigedia mmoja tu. Baada ya wiki tatu alipata barua ya Kapteni, ya mstari mmoja: "Mama, mimi uliniuliza?"

Hapo akaanza kuuliza. Miaka kumi na moja aliomba kwenye hifadhi ya nyaraka amri ya kurudi, na kila mara alijibiwa kuwa haipo. Mwishowe akabadili swali. Akaomba maneno yote yaliyopita redioni saa ile. Akaletewa daftari la makao makuu. Saa tano na dakika ishirini palikuwa na neno moja: RUDIA. Hawakuwa wamemsikia Kapteni. Walitaka aseme tena.

Lakini ni nani angethibitisha kwamba kule darajani lilisikika jingine?

Adelina alikuwa na daftari la redio ya darajani, ambalo mumewe alirudi nalo. Alilishonea ndani ya mto wa sufi mwaka ule mumewe alipovuliwa cheo. Gaudensia alifika kwake mara nne, akanywa chai mara nne, asiambiwe kitu. "Karatasi ikiingia ofisini haitoki," Adelina alikuwa akimwambia mumewe. Siku alipoonyeshwa nakala ya daftari la makao makuu, aliomba wembe, akaufumua mto. Saa tano na dakika ishirini: RUDI. Kwa penseli, bila jina la mwandishi.

Aliyeandika alikuwa Koplo Chilumba, mtu wa redio, ambaye wenzake walisema humtambua ofisa kwa pumzi yake kabla hajatamka neno. Mbele ya mahakama ya jeshi alikuwa amesema, "Sikumbuki." Gaudensia alimkuta Tunduru, akaweka daftari mbele yake. Chilumba aliutazama mwandiko, kisha akasema mbele ya kinasa sauti:

"Huu ni wangu. Nilisikia rudi, wala sikuwaomba warudie. Nilitaka kuondoka pale, mama, na sikio likasikia nilichokitaka."

Kitabu cha sita, chenye habari hizi zote, kilitoka Januari. Machi jeshi lilimrudishia Kapteni cheo na kifimbo. Alikishika wiki tisa. Akafariki tarehe 12 Mei.

Sasa wosia umesomwa. Msomaji alikuwa mdogo wa marehemu, Mwalimu Kastori, aliyefundisha sarufi miaka thelathini.

"Ameandika 'aliye'," alisema. "Hakuandika 'walio'. Kaka yangu hakuwa mtu wa kukosea umoja na wingi."

"Basi ni mimi, shemeji," Adelina alisema. "Bila mto wangu mngelisafisha kwa kitu gani? Kwa mate?"

"Mto huo ulilaliwa miaka arobaini," Chilumba alisema. "Mwenzio anaitwa Mbio sokoni, wewe umelalia ushahidi!"

"Sema wewe! Aliyemwaga uji anataka sifa ya kupangusa?"

"Ndiyo, niliumwaga. Na nimekiri, jina langu limo kitabuni, wajukuu wanalisoma. Nani mwingine hapa amejichafua ili Kapteni atakate?"

Mwalimu Kastori akamgeukia Gaudensia. "Na wewe, mama? Umenyamaza kama uko kazini."

Gaudensia alikitaka kifimbo kile. Katika vitabu vyote sita, hakuna aliyemwachia hata kalamu, na kukishika kungekuwa kusamehewa ukurasa wa 212.

"Daftari lilikuwa ndani ya mto wa kulalia na Chilumba alikuwa Tunduru," alisema. "Wote wawili walikuwa wakingoja swali. Niliuliza mimi."

"Baada ya kuandika bila kuuliza," Adelina alisema.

"Baada ya hapo, ndiyo."

Kila mmoja alikuwa na haki yake, na kila mmoja alikuwa na doa lake. Mwalimu Kastori alikubali hivyo, kisha akasema ataamua siku ya arobaini ya msiba.

Je, ninyi mngempa nani: aliyeuliza, aliyetunza, au aliyekiri? Semeni mapema. Jumamosi iliyofuata, saa sita mchana, Mwalimu Kastori alikifunga kifimbo kwenye kanga, akakifungia kabatini kingoje siku ya arobaini, na ufunguo akauchukua yeye.