Mfalme wa Kima na Mkafuri Ulioanguka

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, sauti yangu leo ni ndogo. Hapo zamani za kale, huko Uchina, ambako neno moja tu, *yin*, ni kivuli cha mti na pia ni hifadhi ya mkubwa kwa mdogo, kulikuwa na mkafuri mkubwa kando ya njia. Juu yake walikaa kima na mfalme wao, Houlong. Chini yake alikaa mjane, Qiulan, akitengeneza miavuli ya karatasi.

Jua likipanda, kima huimba: "Chini ya mti mkubwa kuna baridi tamu! Mti wako, Houlong! Kivuli chako, Houlong! Na sisi wako, Houlong!"

Houlong akavimba kichwa. Akawa anamrushia Qiulan kokwa. "Toka kivulini kwangu!"

"Kwani uliupanda wewe, bwana?" Qiulan akamjibu, huku akigundisha karatasi.

Siku moja ikaja tufani. Ikavuma, ikavuma, ikavuma. Mkafuri ukang'oka, puu! Tawi likambana Houlong mguu.

"Niokoeni, wanangu!"

Kima wakatazamana. "Mti umeanguka, kila mtu na lwake!" Wakatawanyika, huyu mlimani, yule bondeni.

Qiulan ndiye aliyelisukuma lile tawi kwa gongo. Akamfunga Houlong mguu, na jua lilipowaka, akamfunulia mwavuli.

Houlong akalia kwa haya. "Mama, mbona wanisitiri? Si mimi niliyekurushia kokwa?"

"Ulirusha nyingi, ukanipata chache. Huna shabaha. Lala."

Mguu ulipopona, Houlong akachechemea hadi msituni, akarudi na mche wa mkafuri. Akaupanda palepale.

"Mzee Houlong," Qiulan akasema, "huu utakuwa mkubwa wewe hupo."

"Najua, mama. Na ule wa zamani, aliyeupanda hata jina lake sikuwahi kuuliza."

Kiangazi kikazidi. Kima wakarudi, ndimi nje. "Houlong, mfalme wetu! Tupe kivuli!"

Houlong alitamani kuwatukana. Badala yake akasema, "Mimi sina kivuli. Mwavuli ni wa mama huyu. Mwombeni yeye."

"Anayetaka kupumzika mwavulini," Qiulan akasema, "kwanza alete maji ya mche."

Basi wakateka maji, wakamwagia. Wakateka, wakamwagia. Wakateka, wakamwagia, na wimbo ukageuka: "Mti wetu! Kivuli chetu! Kazi yetu!"

Mche ukachipua majani. Adhuhuri moja Houlong akaketi kando yake, jua likimchoma kichwa, jua likimchoma mgongo. Mara akaruka juu.

"Mama Qiulan! Njoo uone! Mkia wangu umepoa!"

Kweli, kivuli cha kwanza kilitosha mkia tu. Houlong akaketi tena taratibu, akaulaza mkia wake pale kivulini, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.