Mwanya wa Mwanakheri

Gego la mwisho halizibi mwanya. Nimewaambia hivyo kwa sababu mnamsingizia mke wa kaka yenu, aliyeingia juzi tu, kwamba ndiye aliyeleta ugomvi nyumbani. Mnauliza neno hili limetoka wapi. Haya, methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na msichana, Mwanakheri, mwenye mwanya wa kuimbiwa. Aliposwa kwa mwanya huo, na mwenyewe alijua. Basi harusi ilipokaribia akatazama kioo, akaona meno ya mbele yamesogeleana, mwanya umekuwa kama uzi. Na huko nyuma gego la mwisho lilikuwa linachomoza, linauma.

“Ni hilo gego,” akasema shangazi yake, Esha. “Limekosa nafasi, linawasukuma wenzake. Ling'olewe kabla bwana harusi hajakuona.”

Mwanakheri aliogopa. Alimjua mtu wa mtaa wa pili aliyeng'olewa gego, shavu likavimba, Ijumaa haikumkuta. Lakini aliogopa zaidi kuachwa na mchumba. Wakaenda kwa Fundi Shee, mng'oa meno, Mwanakheri akaketi mkekani. Koleo la baridi likamwingia mdomoni.

“Fundi, ngoja.”

Alikuwa bibi yake, Mwanate, anatweta mlangoni. Bibi huyo hakucheka bila kufunika mdomo kwa leso, na wajukuu walidhani ni haya ya kizamani. Akakaa mbele ya Mwanakheri, akaiteremsha leso.

“Nitazame, mjukuu wangu. Na mimi nilikuwa na mwanya. Na mimi niliambiwa ni gego. Nikang'olewa, huku na huku, na upande huu ukaoza.”

Taya lake lilikuwa limebonyea upande mmoja, ngozi imekunjamana penye kovu. Meno ya mbele yalikuwa yamepandana.

“Na mwanya, bibi?”

“Ulijifunga vilevile. Meno ya mbele yana safari yao, yalianza kusogea gego halijaota. Mimi nikabaki na kovu.”

Mwanakheri akafumba mdomo, akalia mpaka hofu ikamtoka. Gego halikuguswa. Akaolewa akiwa na mwanya wake mwembamba hivyo hivyo, na siku ya harusi alicheka bila leso.

Sasa niambieni ninyi. Kabla shemeji yenu hajaingia, mlikuwa mnaelewana?

Basi. Gego la mwisho halizibi mwanya.