Radhi Zilizongoja Mwana Arudi

Ndugu zangu, kaeni kidogo. Na nyinyi mama zetu nyuma ya pazia, sogeeni mnisikie vizuri. Leo nina habari ya mama mmoja. Ni mfano tu, asije mtu akatoka hapa akaanza kuulizia nyumba yake iko mtaa gani.

Mama huyo alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee alikuwa Arabuni, akifanya kazi kwenye majengo. Baba mtu alipofariki, watu walikaa msibani wakimtazamia kijana aje amzike baba yake. Hakuonekana. Ulimi hauna mfupa, ndugu zangu. Mama yule, uchungu umemjaa, akasema mbele ya watu wote: "Mtoto asiyekuja kumtia baba yake udongo asihesabu radhi zangu." Maneno ya msibani hayakosi mchukuzi. Kabla ya arobaini, kijana alikuwa ameshayapata huko aliko.

Baadaye ikaja kujulikana kwamba mwajiri wake alikuwa amemfungia pasipoti kabatini. Kijana aliomba, akalia, hakupewa. Mama alipoelezwa hayo alijifungia chumbani akalia mpaka sauti ikamkauka, na siku hiyo hiyo akamsamehe mwanawe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alisamehe yote, hakubakisha hata punje. Lakini hakumwambia. Kwao radhi hazitumwi. Mtoto hupiga goti, mama akamwekea mkono kichwani na kumwombea. Basi akasema moyoni mwake, akirudi nitampa kama inavyopasa. Akaziweka.

Miezi ikapita, macho ya mama yakaingia ukungu, na hizi simu za kupangusa zikamshinda kabisa. Kijana akafikiri amfanyeje mama yake asikie sauti yake bila taabu. Akamtafuta fundi kutoka mjini. Fundi akaja na ruta, kile kisanduku cha intaneti chenye vitaa, pamoja na simu ya mezani yenye vibonye vikubwa. Akachomeka waya wa simu nyuma ya ruta, akaingiza namba, akangoja mpaka taa ya simu ikageuka kijani.

"Sasa mama," akamwambia, "simu hii inapita kwenye intaneti. Ikilia, wewe nyanyua mkonga useme. Ila hiki kisanduku usikizime. Ukikizima, na simu imekufa."

"Haya mwanangu, nimesikia," mama akajibu, akamwekea chai.

Je, alisikia kweli? Hebu tujicheke wenyewe kwanza. Nani humu hana rimoti aliyoivisha nailoni mpaka namba hazisomeki? Nani hana vikombe kabatini vinavyomngoja mgeni ambaye hajazaliwa? Sisi kitu tukikipenda tunakifunika. Na cha umeme kikimaliza kazi tunakizima ukutani na waya tunachomoa, kwa sababu radi haina adabu. Mama huyu alishaona televisheni ya jirani ikiungua wakati wa masika. Na ruta hii ililetwa na mwanawe. Aiache inawaka ovyo? Fundi alipoondoka tu, mama akaizima, akaifunika kitambaa alichokifuma kwa mkono wake.

Kijana alikuwa akipiga Ijumaa, siku yake ya mapumziko. Kwa hiyo kila Ijumaa mama akitoka kuswali anaiwasha, anavuta kigoda, anakaa karibu na simu. Wanazungumza habari za mvua, za majirani, za goti lake linalomsumbua. Wakishaagana, anazima, anafunika.

Ijumaa moja kijana akamuuliza, "Mama, ile ruta iko sawa?"

"Iko salama kabisa. Hata vumbi haijaliona."

Kijana akacheka. Halafu akasema, "Mama, kuna jambo nataka nikuombe. Linanisumbua siku nyingi."

Mama alilijua jambo hilo. Moyo wake ulijaa furaha, akamwona mwanawe amepiga goti mbele yake, akaona na mkono wake mwenyewe ukimshika kichwa. Akamwambia, "La, mwanangu. Jambo hilo haliombwi kwenye simu. Njoo nyumbani, utaliomba hapa miguuni pangu."

Mama alimaanisha mapenzi. Kijana alisikia mlango unafungwa. Akasema tu, "Sawa, mama," wakaagana.

Wiki ile ile kijana akaanguka kutoka ghorofani kwenye jengo walilokuwa wakilijenga. Akapelekwa hospitali, akili zake timamu, lakini madaktari hawakumficha hali yake. Akaomba simu. Akampigia mama yake, haikupatikana. Akapumzika, akapiga tena. Mwenzake aliyekuwa akilala naye chumba kimoja akamwambia wampigie jirani, kijana akakataa. Alichotaka kukiomba hakipitishwi kwa jirani.

Na mama yuko wapi saa hizo? Yuko palepale sebuleni, anapepeta mchele, hatua chache tu kutoka kwenye simu. Kitambaa kimenyooka vizuri. Hana habari ya lolote.

Ijumaa ikafika. Mama akaiwasha ruta, akavuta kigoda. Simu ikalia mapema kuliko kawaida. Akanyanyua mkonga akitabasamu, akasikia sauti asiyoijua.

"Mama, shikamoo. Mimi ninakaa na mwanao huku. Mama, uko na nani hapo nyumbani?"

Mtu akiulizwa hivyo, ndugu zangu, ameshajua.

"Niko na Mungu wangu," mama akajibu. "Sema."

Akaambiwa. Hakupiga kelele. Alikaa na mkonga sikioni, na yule aliyepiga naye akalia upande wake, mpaka mama akapata nguvu ya kuuliza: "Aliacha neno?"

"Alikupigia sana, mama. Mara ya mwisho akanirudishia simu, akasema: mama ameizima. Bado hajanisamehe. Hataki hata kunisikia."

"Nilimsamehe zamani," mama akasema. "Tangu siku nilipojua habari ya pasipoti. Wallahi nilimsamehe."

 Yule aliyepiga akauliza, bila ubaya wowote, "Sasa mama, mbona hukumwambia?"

Nanyi msimlaumu, nawaomba. Hakumzimia mtu simu, alikuwa anatunza zawadi ya mwanawe. Hakuwa na kinyongo, alikuwa ameziweka radhi zake zipate siku yenye heshima. Mpaka leo ruta ile inawaka mchana na usiku, radi ipige isipige, na hakuna mtu wa kumpigia.

Sasa turudi kwetu. Tusiende mbali. Ni wangapi humu tumeshasamehe, mioyo yetu imetulia, tunalala usingizi, na yule tuliyemsamehe hajui? Sisi tumepona, yeye bado anaumwa. Baba unasema, huyu kijana akikua atajua kuwa nilikwisha kumsamehe. Atajulia wapi? Mke unasema, ataona mwenyewe kwa chakula ninachompikia. Ndugu wawili mnangoja Idi ndipo mpeane mikono. Nani kakudhaminia hiyo Idi? Msamaha uliokaa kifuani haumsaidii mwenziwe. Mungu anaujua, ndiyo, lakini yule mtu si Mungu. Yeye anahitaji kuambiwa.

Na wewe uliyekosa, umepiga mara moja hukupokelewa, ukasema basi, amenichukia. Je, kama yuko sebuleni anapepeta mchele?

Pale mlangoni kwetu tumebandika tangazo, na mimi mwenyewe ndiye niliyeamuru libandikwe: Zima simu yako. Leo nalivunja. Yupo mtu humu jina fulani linamchoma tangu nilipoanza kusema, na mimi simjui, lakini yeye anajijua. Iwashe. Inuka uende uani ukampigie. Usimweleze mengi, mwambie hilo moja. Maneno yangu yaliyobaki hayana uzito wa neno hilo.

Nenda. Sisi tutakaa kimya hapa mpaka urudi.