Kifaru na Mawe Meusi ya Bi Pimbi

Zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kusonga ugali, Bi Pimbi na wanawe walikaa kwenye mgodi uliotelekezwa. Wachimbaji wa dhahabu walikwisha kuondoka, wakaacha shimo, na kando yake lundo la mawe meusi mazito waliyoyatupa.

Siku moja, puu! puu! Kifaru huyo, sururu begani. Hakubisha hodi, msidhani! Akagonga miamba kutafuta dhahabu, akabomoa ukuta wa jiko, chungu cha maharage kikamwagika chote. Ubabe ule! Mpaka leo nikiusimulia damu inanichemka.

"We mzee, una wazimu?" Bi Pimbi akafoka. "Wanangu watakula nini?"

"Kimya! Dhahabu imebaki humu. Kesho mhame!"

"Tuhamie wapi?"

"Utajua mwenyewe!"

Lakini Bi Pimbi alijua jambo moja: Nungunungu, mhunzi, aliwahi kuyeyusha jiwe jeusi pamoja na chuma, akapata sururu isiyovunjika. Basi akajibwaga chini mbele ya Kifaru.

"Uwii! Chukua lundo la mawe, baba, chukua na uwanja wake, ila shimo niachie! Nakuomba!"

Kifaru akacheka, ha ha haa! "Kumbe dhahabu imo kweli! Shimo langu. Lundo baki nalo wewe na wanao, milele."

"Sikuamini. Huwezi kuapa mbele ya mwenyekiti Twiga."

"Naapa hata sasa hivi!" Wakaenda kwa Twiga, Kifaru akaapa, kijiji kizima kikisikia. Bi Pimbi akajenga nyumba juu ya lundo.

Kifaru akaingia shimoni. Kwaa! Sururu ikavunjika. Akaleta nyingine. Kwaa! Nayo ikavunjika. Dhahabu aliiona iking'aa mwambani, asiweze kuifikia. Mbio kwa Nungunungu.

"Nipe sururu ngumu!"

"Ngumu hutengenezwa kwa mawe meusi. Yana tungsteni, madini yanayokaza chuma, na yote ni ya Bi Pimbi."

Kifaru akaja lundoni akihema. "Nipe mawe, mama."

"Sikupi hata kokoto! Uliwalaza wanangu na njaa, leo unaniita mama? Toka uwanjani kwangu!"

Angeweza kumkanyaga, lakini Twiga na kijiji kizima walikwisha kujaa pale, wamekunja nyuso. Kifaru akarudi kuparua mwamba kwa pembe yake mpaka ikawa butu. Mimi simhurumii hata kidogo.

Basi watoto, mbabe asiyemsikiliza mwenyeji hutupa mali kwa mkono wake mwenyewe.