Jiwe Tupu la Daraja la Igombelo

Kusimulia ni kazi yangu, kuhukumu ni kazi yenu. Basi asisinzie mtu.

Mji wa Igombelo umekatwa na mto. Soko na zahanati ziko ng'ambo moja, shule iko ng'ambo ya pili, na katikati palikuwa na magogo yaliyofungwa kwa waya. Kila masika mto ulichukua mtu. Halmashauri haikuweza kujenga daraja. Serikali kuu iliweza, lakini serikali kuu ilikuwa na miji mingi na masikio machache.

Halmashauri ikatuma watu watatu kwenda kuomba daraja.

Wa kwanza alikuwa Maganga, diwani, aliyejaliwa ulimi. Aliweza kumchekesha mtu aliyetoka kuibiwa.

Wa pili alikuwa Kalunde, afisa mipango, aliyejaliwa hesabu. Alijua ofisi kubwa hukata nini kwanza na hubakiza nini.

Wa tatu alikuwa Nyamizi, muuza maandazi. Hakuna aliyejua kipaji chake. Alichaguliwa kwa sababu binti yake, Kabula, alichukuliwa na mto akitoka shule. Mwili haukupatikana. Nyamizi alikataa matanga yasiwekwe, na tangu siku hiyo alilala bila kutia komeo mlangoni.

Sasa sikilizeni walivyofanya.

Wizarani walikaa kwenye benchi la mapokezi mpaka walinzi wakawazoea. Mkubwa waliyemtaka, Bwana Pazi, alikuwa na kikao, kisha safari, kisha msiba. Mama yake alifariki, akaenda kumzika kwao Pwani.

"Pazi ni Mzaramo," Maganga alisema. "Mimi Mnyamwezi. Mtani wangu kafiwa, nami nakaa kwenye benchi?"

Akaenda. Mnajua watani wanavyofanya msibani. Jeneza lilipofika, Maganga alikuwa amelala kaburini, mikono kifuani.

"Toka humo, Mnyamwezi! Shimo si lako!"

"Wazaramo mmejifunza lini kuchimba? Shimo zuri hivi! Nimechoka na safari, niacheni."

Watu wakacheka, hata wafiwa. Wakamrushia noti, kama ilivyo desturi, ili apishe. Maganga akazirudisha.

"Sitaki noti. Nataka daraja."

Wakacheka tena, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Wakaongeza noti, naye hakuinuka. Sheikhe alitazama jua. Wabebaji walibadili mabega. Hakuna aliyecheka tena. Bwana Pazi akasogea ukingoni, macho mekundu.

"Njoo ofisini, mtani. Sasa mpishe mama yangu."

Hivyo ndivyo mlango ulivyofunguka.

Ndani ya mlango walikuta mji mwingine umeshafika: Usimba, jirani zao, nao wana mto na wana magogo. Daraja lilikuwa moja. Wizara ikataka hesabu ya wavukaji kutoka kila kivuko, na kazi hiyo akapewa Kalunde, kwa kuwa Usimba haikuwa na afisa mipango.

Kalunde alihesabu Igombelo siku ya mnada. Kisha akaenda Usimba, na Maganga akamsindikiza.

"Kalunde, mnada wa hapa si Alhamisi?"

"Ndiyo."

"Na leo?"

"Jumanne, Mheshimiwa. Umesahau siku?"

Maganga akageuza uso, akatazama nje ya dirisha la gari. Kalunde akahesabu kila mtu aliyepita. Hakuongeza, hakupunguza. Igombelo ikashinda.

Ikabaki kamati ya Bunge, ipitishe fedha. Wabunge walisikiliza hesabu, wakamshukuru Kalunde, kisha mwenyekiti akamgeukia Nyamizi.

"Mama, pole sana. Lakini tuelewane. Mfuko huu ni wa maafa yaliyoua. Aliyepotea hana nafasi humu, na ombi lenu limemtaja mwanao tu. Mwanao alifariki, au alipotea?"

Nyamizi akatazama meza. Maganga, mwenye ulimi, akainamisha kichwa. Kalunde, mwenye hesabu, akafunga daftari lake.

"Amekufa," Nyamizi alisema.

"Samahani mama, kipaza sauti kilikuwa kimezimwa. Bonyeza hapo, kisha urudie. Na jina lake."

"Kabula. Amekufa."

Fedha zikapitishwa. Aliporudi nyumbani, Nyamizi alitia komeo kwa mara ya kwanza.

Daraja likajengwa. Watoto wanavuka kwa miguu mikavu, na tangu lijengwe mto haujachukua mtu wa Igombelo.

Lakini baba yake Maganga alipofariki, hakuna mtani aliyekuja, si Mzaramo, si Mgogo. Habari ilikuwa imesambaa kwamba huyu hapishi akipewa. Walizika kimya, na tangu hapo Maganga akitania, watu humjibu kwa heshima.

Masika yaliyofuata, magogo ya Usimba yaliondoka na watu waliokuwa wakitoka mnadani. Ilikuwa Alhamisi. Siku hiyo ikifika, Kalunde hufunga ofisi na kwenda kusimama kwenye kivuko cha Usimba. Wenyeji wanadhani anapima kitu.

Na Nyamizi anasikia mlango ukigongwa. Si kwa nguvu, anasema, ni kama mtoto aliyezoea kuukuta wazi.

Wiki ijayo daraja litazinduliwa rasmi. Kwenye nguzo kuna jiwe, na halmashauri imeamua lichongwe jina moja tu, daraja liitwe hivyo siku zote. Watatu hao wakaitwa waseme.

"Bila mimi mngekuwa bado kwenye benchi," Maganga alisema. "Nimepoteza watani wote. Nipeni basi hata jiwe."

"Bila mimi daraja lingekuwa Usimba," Kalunde alisema. "Jina langu mkiliandika, wa Usimba watalisoma wanapovuka kuja zahanati. Labda ndivyo ninavyostahili."

"Nawe, mama Kabula?" mwenyekiti wa halmashauri aliuliza. "Tuandike jina la mtoto?"

"Mkiliandika, mtakuwa mmemzika," Nyamizi alisema. "Msipoliandika, nilimuua bure mbele ya wale watu. Mimi sijui. Amueni nyinyi."

Madiwani wakatazamana, wakaahirisha kikao.

Fundi wa mawe yuko pale darajani, patasi mkononi. Amekwisha piga mistari ya herufi na anauliza kila anayepita. Leo mnapita nyinyi. Haya, mwambieni: achonge jina la nani?