Bei ya Mbegu za Bi Kuchakuro

Wewe hapo uliyekunja miguu, hebu sema: kwa nini mbegu ya pilipili iwe ghali?

Hujui. Basi, ngano nitoe?
— Toa!
Niikate katikati?
— Thubutu!

Zamani, zamani ile wanyama walipokuwa wakilima na kugombania mipaka, aliishi Bi Kuchakuro. Shamba lake lilikuwa dogo, na ndani yake alipanda pilipili tu. Lakini pilipili zake, jamani! Tembo akizinusa, mkonga unajikunja, anarudi alikotoka. Ukizungushia shamba lako pilipili hizo, mahindi yako ni yako.

Alizipataje? Kila msimu alipanda, akaonja, akang'oa. Mche ambao pilipili yake haikumtoa machozi, ng'oa, tupa jaani. Mche mkali lakini dhaifu, ng'oa. Mche mkali, wenye afya, lakini uliozaa pilipili mbili tatu, ng'oa na huo. Majirani walicheka hadi wakashika mbavu: mwanamke gani anang'oa shamba lake mwenyewe? Yeye alifuta machozi kwa mkia, akaendelea. Mwishoni ilibaki miche michache, na hiyo ndiyo iliyotoa mbegu.

Bei yake: kikapu cha karanga kwa kiganja cha mbegu. Kiganja cha kuchakuro, si cha nyani.

Akaja Ngiri. "Bi Kuchakuro, punguza kidogo. Mimi mteja wa zamani."

"Mteja wa zamani anaijua bei. Kikapu."

Akaja Digidigi. "Mama, mimi mdogo, na shamba langu dogo. Nipe kwa nusu."

"Mimi ni mdogo kuliko wewe, mwanangu. Kikapu."

Akaja Kanga, vifaranga nyuma. "Shoga yangu, mbegu si zinaota bure? Au siku hizi unauza na mvua?"

"Nauza miche niliyoing'oa, shoga. Mbegu hii moja imebeba gharama ya wenzake wote waliokwenda jaani. Nikipunguza bei, msimu ujao sitathubutu kung'oa. Nitauza chochote kilichoota. Halafu utakuja kunililia, tembo yuko jikoni kwako."

"Usomi mtupu," akasema Kanga, akaenda zake.

Nguchiro alikuwa nyuma ya ua, anasikiliza. Jaa lilipotajwa, masikio yakamsimama.

Msimu uliofuata, siku ya gulio, huyo Nguchiro sokoni! Amepiga kilemba, anajiita Daktari wa Mbegu. Nani alimpa udaktari? Kilemba.

"Mbegu halisi za Bi Kuchakuro! Yai moja, kibuyu kizima!" Akatafuna pilipili mbele yao, akajipepea ulimi, akaruka huku na huku. Mwigizaji hodari.

Ngiri akatafuta yai. Digidigi akaazima yai. Kanga akatoa la kwake mwenyewe.

Kwa Bi Kuchakuro hapakuja mtu. Karanga ziliisha, akala mizizi. Usiku mmoja aliwaza: nisingeng'oa mwaka huu, ningekuwa na mbegu nyingi, ningeuza rahisi kama wenzangu. Asubuhi akaamka, akaonja, akang'oa.

Pilipili zikaiva kila shamba. Tembo akaja.

Kwa Ngiri, alizila pilipili kwanza, kisha akala mahindi. Kwa Digidigi, alizila pamoja na mahindi, kama kachumbari. Kwa Kanga, aliuliza kama kuna chumvi.

Wakamwendea Bi Kuchakuro, majembe mkononi, Nguchiro wamemleta awe shahidi; Tembo naye akawafuata hadi nje ya ua.

"Tapeli wewe!" akafoka Ngiri. "Tunazing'oa pilipili zako zote leo, na wewe uhame!"

Bi Kuchakuro akasimama mbele ya miche yake. Alikuwa amekonda, mkia umebaki uzi. "Mbegu mlinunua kwa nani?"

"Kwa Nguchiro. Lakini ni zako! Jina lako ndilo lililotangazwa."

"Nguchiro, ni zangu?"

"Zako kabisa, bibi. Nilizichukua kwako kwa mkono wangu huu."

Bi Kuchakuro akachuma pilipili moja, nyekundu, akamwekea kiganjani. "Basi huyu ndiye mama yao. Sokoni ulimtafuna mtoto mbele ya watu. Mtafune na mama."

Nguchiro akacheka. Wengine hawakucheka. Akaipeleka mdomoni, na kabla haijagusa midomo, machozi yakamtoka. Nje ya ua Tembo akarudi nyuma hatua.

"Tafuna, Daktari," akasema Kanga.

Nguchiro akajaribu tena. Akageuza uso pembeni. Kilemba kikamteleza hadi puani.

"Niliokota jaani!" akapiga kelele. "Nyuma ya ua wake! Ile miche aliyoitupa, nikaipanda tena, nikakamua mbegu, nikazipa jina lake!"

Kanga akauliza polepole: "Na yai langu?"

"Nimelila."

Basi, wenzangu, funzo ni hili: anayekuuzia kitu kizuri anakuuzia na yote aliyoyakataa kabla yake. Usipotaka kulipia kazi ya kutupa, utauziwa kilichotupwa.

Ngano yangu nimeitia kibuyuni, nimeziba. Anayeitaka tena, aje na kikapu cha karanga. Sipunguzi.