Farasi Aliyeulizwa Mara Tatu Kama ni Mzima

Mlioketi, mmeketi?

Tumeketi.

Niitoe ngano?

Itoe, tuipime.

Ipimeni, nami sitawaonea.

Hapo kale, kale ya mbali kiasi kwamba hakuna shahidi aliyebaki, palikuwa na nchi ya wanyama chini ya Sultani Simba. Sultani huyo alipenda mbio za farasi kuliko usingizi, na kwa simba hilo si jambo dogo. Kila Ijumaa farasi walikimbia. Kila Ijumaa Sultani alitazama.

Uwanja wao ulikuwa wa udongo. Jua likiwaka, ulikuwa mgumu kama sakafu. Mvua ikinyesha, uliteleza kama bamia. Farasi walianguka, wakavunjika miguu, na farasi aliyevunjika mguu hainuki tena.

Sultani akaweka sheria ya mstari mmoja: "Farasi asiye mzima asikimbie." Akamteua Fisi kuwa Mkaguzi, awaulize farasi kabla ya mbio. Akamteua Kanga kuwa karani, aandike majibu daftarini. Ujira wa Fisi ulikuwa mizoga. Mimi sisemi kwamba Fisi alitaka farasi wavunjike, kwa maana sina ushahidi wa yaliyomo moyoni mwake. Nasema tu kwamba walipovunjika, hakushinda njaa.

Mwaka mmoja wakafa farasi sita. Wa sita aliitwa Kusi. Mdogo wake Kusi alikuwa Nyange, farasi jike mweupe, mwenye mbio na mwenye malezi mema. Nyange akaenda barazani, akapiga magoti, akauliza nini kilichomwua dada yake.

Akasimama Kima, fundi wa kila kitu. "Mwuaji ni udongo," akasema. "Nipeni uwanja huo. Nitamwaga mchanga uliochanganywa na nta na vitambaa vilivyochanwachanwa. Hautakauka, hautalowa, hautateleza. Farasi atakanyaga kama anakanyaga godoro."

Ngiri, mtunza uwanja wa udongo, akacheka. "Godoro ni la kulalia, bwana. Nani amekimbia juu ya godoro akafika?"

Sultani akampa Kima uwanja. Nta ikatandazwa. Mwaka huo wakafa farasi wawili tu. Sita, kisha wawili: hilo ni kweli, na mwadilifu hana budi kulikubali hata kama hampendi Kima. Lakini Kanga aliandika wale tu waliofia ndani ya uzio. Waliotoka wakichechemea, wakafia bandani, hakuwaandika, kwa kuwa hakuambiwa awaandike. Idadi yao siijui. Wala hakuna aijuaye, na hilo ndilo linaloniudhi.

Nyange akakimbia juu ya nta, akashinda. Aliporudi bandani alihisi moto nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto, kwenye ukano. Bi Punda, aliyekuwa akiwaletea farasi maji, akauona uvimbe.

"Shoga, huo mguu au muhogo?"

"Utapoa."

"Usipopoa, Ijumaa Mkaguzi akikuuliza, mwambie."

"Nitamwambia," akasema Nyange.

Ijumaa ikafika, na mguu haujapoa. Sultani yuko jukwaani, wanyama wamejaa. Fisi akapita mbele ya farasi, Kanga nyuma yake na daftari.

"Bi Nyange, u mzima?"

Sasa nawauliza ninyi. Mtu akikuuliza njiani kama u mzima, unamjibuje?

Mzima.

Hata ukiwa na homa?

Mzima.

Naye Nyange akajibu, "Mzima." Kanga akaandika: mzima. Nyange akakimbia, akawa wa pili.

"Ulimwambia?" akauliza Punda.

"Aliniamkia, nami nikamjibu. Ningeanza kumtajia maradhi mbele ya Sultani, si angeuliza nimelelewa na nani?"

"Ungemwambia umelelewa na mwenye miguu minne, na kwamba wewe unayo mitatu na nusu."

Nyange akacheka, lakini aliucheka ule mguu akiwa ameuinua.

Ijumaa ya pili ikafika. Fisi akapita, Kanga nyuma yake.

"Bi Nyange, u mzima?"

"Mzima kiasi."

Kanga akasimamisha kalamu. "Bwana Mkaguzi, hii 'kiasi' niiweke wapi? Nafasi hapa ni ya neno moja."

"Andika lililotangulia," akasema Fisi.

Kanga akaandika: mzima. Nyange akakimbia, akawa wa saba, akarudi bandani akiburuta kwato.

Punda akamlaza chini, akamkanda kwa maji ya chumvi. "Shoga, nisikilize. Ijumaa hii usijibu salamu. Jibu swali."

"Nitajuaje lipi salamu na lipi swali? Maneno yake ni yale yale."

Punda akazidi kumkanda. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi, na mpaka leo jibu sina.

Wiki nzima Nyange akajizoeza peke yake. Mguu unauma. Mguu unauma. Mguu unauma. Ijumaa ya tatu akajipanga na wenzake, maneno yako tayari mdomoni. Fisi akaja, siku hiyo na upole mwingi.

"Bi Nyange, habari za nyumbani?"

"Njema."

"Za mazoezi?"

"Njema."

"U mzima?"

"Mzima, ila mguu..."

Kwao, kama kwetu, jema hutangulizwa na tatizo hufuata nyuma. Lakini Fisi alikuwa amekwisha kupata neno lake, akawa anamwuliza farasi wa pili. Kanga akaandika: mzima. Ngoma ikalia. Farasi wakatoka.

Kwenye kona ya mwisho mguu ukavunjika. Mlio wake ulifika jukwaani. Nyange hakuinuka. Yeye aliandikwa, kwa kuwa alifia ndani ya uzio.

Kabla mzoga haujaondolewa, Bi Punda akaenda barazani kushtaki.

Kima akawa wa kwanza kusema. "Si nta. Juu ya udongo angekufa mwaka jana."

Ngiri akasema, "Si udongo. Juu ya udongo angekuwa hai leo. Nta hushika kwato, mwili ukaenda mbele na mguu ukabaki."

"Una hakika gani?"

"Na wewe je?"

Wakabishana hadi jua likawa utosini. Kila mmoja alikuwa na hoja, na baadhi ya hoja zao zilikuwa nzuri. Ndipo Punda akasema, "Mtukufu Sultani, mchanga haukumpeleka mtu uwanjani. Mwulize aliyempeleka."

Fisi akainama kwa heshima. "Mimi nilimwuliza mara tatu. Karani, soma."

Kanga akasoma. "Mzima. Mzima. Mzima."

Punda akasema, "Mzima ni aliye hai, na mzima ni asiye na kasoro. Bwana Mkaguzi, wewe uliuliza uzima upi?"

"Sheria inasema mzima. Nami niliuliza mzima. Alipojibu, alikuwa hai au maiti?"

"Alikuwa hai."

"Basi daftari halikusema uongo."

"Mguu ulikuwa umevimba kama muhogo. Uliutazama?"

"Sheria inasema niulize," akasema Fisi. "Haisemi nitazame."

Sultani akakuna shingo, akawaza, kisha akatoa hukumu. Mkaguzi alitimiza wajibu wake. Daftari ni safi. Marehemu alijitia hatarini kwa kinywa chake mwenyewe. Na kwa kuwa udongo umelalamikiwa, na nta imelalamikiwa, uwanja utang'olewa na kupandwa nyasi.

Wanyama wakashangilia nyasi. Fisi akaenda kuchukua ujira wake.

Tangu siku hiyo punda akiulizwa kama ni mzima, huanza kutaja mgongo, kisha kwato, kisha jino, na haachi mpaka aliyemwuliza aondoke. Ndiyo maana wanyama wote husema punda hana adabu.

Nyasi zikaota, za kupendeza. Ijumaa ya kwanza, Fisi akapita mbele ya farasi kumi na mmoja, akawauliza. Wote walikuwa na adabu.

Funzo lake ni hili, nami nalitoa kwa uangalifu: msibadilishe ardhi kabla hamjambadilisha anayeuliza, na anayeuliza bila kutazama hajauliza, ameandaa utetezi wake.

Ngano nimeitua hapa nilipoikuta. Mwenye ushahidi zaidi aichukue aendelee nayo. Asiye nao na ailaze kama ilivyo.